Kimelea Kinachochana Pindo

Hotuba kwa wanafunzi wa maabara na wahudumu wa zahanati, Tanga, Siku ya Malaria Duniani. Nimeiandika kutoka kwenye karatasi nilizoshika mkononi, pamoja na yale niliyoyachomekea ukumbini.

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu walionifundisha kushika pipeti, wazee wangu mlioketi mbele: shikamooni. Wanafunzi, na wenzangu wa maabara na zahanati, hamjambo.

Naomba niifungue kanga hii kwanza. Ni ya marehemu mama yangu, aliyeuza kanga Ngamiani mpaka macho yakamkatalia kutofautisha rangi. Nilipopewa mada ya leo, mabadiliko ya kromosomu za vimelea vya malaria, nilitaka kuja na picha za vitabuni, zile zenye mishale na vifupisho. Kisha nikawaza: saa nne asubuhi, chai imeshanywewa, mihogo imeshaliwa, hawa watanisinzilia. Nikaenda kufungua sanduku.

Kanga mnaijua. Katikati ni mji. Kuuzunguka mji ni pindo. Chini kuna jina. Na kwenye ukingo kabisa, pale mkasi ulipopita, kuna upindo alioupiga fundi cherehani ili nyuzi zisifumuke. Jina sitalihitaji leo, tuwaachie wenye majirani wa kuwapiga mafumbo. Mji, pindo na upindo ndivyo nitakavyovitumia, kwa sababu kromosomu ya kimelea imekaa hivyohivyo.

Kimelea ninachokizungumzia ni Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kinachosababisha malaria nyingi kwetu na karibu vifo vyote vya malaria barani Afrika. Kiini chake kina kromosomu 14, nyuzi za DNA zinazobeba maagizo ya urithi yaliyoandikwa kwa herufi za kikemia. Ndogo kuliko zote ina herufi zipatazo 640,000, kubwa kuliko zote ina kama 3,300,000, na zote kwa pamoja zinakaribia herufi milioni 23, zikibeba jeni zipatazo 5,300. Sisi binadamu kromosomu zetu huja kwa doti, moja ya mama na moja ya baba. Ikitoboka moja, iko ya pili ya kujistiri. Kimelea kikiwa ndani ya damu ya mtu hakina doti. Kina kipande kimoja kimoja, kumi na vinne, basi. Doti huipata tumboni mwa mbu tu, mbegu ya kike na ya kiume zinapokutana, na hata huko haichukui muda, inagawanywa tena. Kwa hiyo kikichanika mahali, mchaniko unaonekana hapohapo.

Kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyeweza hata kuzihesabu kromosomu hizi. Alphonse Laveran alivitambua vimelea vya malaria mwaka 1880 kwenye damu ya askari huko Constantine, Algeria, lakini karne nzima baadaye bado watu walikuwa wakipapasa. Hadubini ilikuwepo, na nzuri. Tatizo ni tabia ya kimelea chenyewe. Seli nyingi zinapotaka kugawanyika huzikunjakunja kromosomu zake hadi zinakuwa nene, ukizipaka rangi unaziona na kuzihesabu. Huyu hakunji. Anagawanyika nguo zake zikiwa zimetandazwa vilevile.

Njia ilitoka kwa watu waliokuwa wakihangaika na hamira. Mwaka 1984 David Schwartz na Charles Cantor, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walieleza namna ya kutenganisha vipande virefu sana vya DNA kwa umeme ndani ya jeli. Wanafunzi, ninyi mnajua jeli ya kawaida: unawasha umeme, vipande vifupi vinakimbia, virefu vinabaki nyuma. Shida ni kwamba vikizidi urefu fulani vyote hukimbia sawasawa, hutajua kipi ni kipi. Wale wawili wakawa wanaubadilisha mwelekeo wa umeme kila baada ya muda. Fikirieni vijana wanaobeba boriti kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Njia ikiwa imenyooka, mwenye boriti ndefu na mwenye boriti fupi wanakwenda pamoja. Waambie wakate kona, kisha kona tena, kisha tena. Wa boriti fupi atakuwa ameshafika Forodhani anakunywa juisi ya miwa, na mwenzake bado anagombana na ukuta.

Mwaka uliofuata, 1985, David Kemp na wenzake katika Taasisi ya Walter and Eliza Hall, mjini Melbourne, Australia, waliwapitisha vimelea vya malaria kwenye kona hizo. Walichukua vimelea vilivyotoka sehemu mbalimbali, wakavipanga kwenye jeli moja. Ungetarajia mistari ikae sambamba, kromosomu ya huyu mkabala na ya yule. Haikukaa. Kromosomu ileile kwa kimelea kimoja ni fupi, kwa kingine ni ndefu. Jamani, hilo si jambo dogo. Kwa binadamu, kromosomu ya mtu wa Pangani na ya mtu wa Japani zinalingana kiasi kwamba daktari akikuta kipande kizima hakipo, ana neno zito la kumwambia mzazi. Huku kwa vimelea, kipande hakipo na kimelea kinaendelea na shughuli zake.

Haikuchukua muda, na watafiti wakatoa jambo la ajabu zaidi. Walianza na kimelea kimoja, wakakikuza kwenye chombo, wakakiacha kizaane. Wajukuu wa kimelea kile kimoja, ukoo mmoja, wakaonekana na kromosomu za urefu tofauti. Yaani kanga ilikuwa inakatwa na kuungwa palepale, watu wanaangalia.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu kile chombo, kwa sababu ndicho kilichotufundisha. Kukuza falciparum nje ya mwili kuliwezekana mwaka 1976, William Trager na James Jensen walipofanikiwa katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Unakipa kimelea chembe nyekundu za damu, maji yenye virutubisho, joto la mwili na hewa yenye oksijeni kidogo. Maisha ya hotelini! Hakuna bandama ya kukichuja, hakuna kingamwili za kukisaka, wala mbu wa kusubiriwa. Sasa mtu akihamia hotelini, kitu cha kwanza kukiacha ni nini? Jiko.

Kimelea nacho kiliacha vyombo vyake. Ndani ya mwili wa mtu, chembe nyekundu iliyoingiliwa na falciparum huota vinundu juu ya ngozi yake, na vinundu hivyo huisaidia kunata kwenye kuta za mishipa midogo, isichukuliwe na damu hadi kwenye bandama ambako ingeharibiwa. Kunata huko ndiko kunakoziba mishipa ya ubongo wa mtoto na kumtia degedege na kupoteza fahamu. Jeni ya kutengeneza vinundu iko karibu na mwisho wa kromosomu namba 2. Kwenye chombo, vimelea vingi vikaonekana vimekata mwisho ule, jeni na vyote, na vikaota bila vinundu. Mwisho mmoja wa kromosomu namba 9 ukakatika vilevile, na vimelea vilivyoupoteza vikaacha kunata na vikaacha kutengeneza gametosaiti, zile hatua za kiume na za kike zinazofyonzwa na mbu. Hotelini hakuna mbu, za nini?

Swali ambalo huulizwa kila ninapolieleza hili: kwani kimelea kinajuaje kwamba hakuna mbu? Hakijui chochote. Mgonjwa mmoja anaweza kubeba vimelea kwa mabilioni, na kila baada ya saa 48 kila kimoja kinapasuka na kutoa vingine, kumi na sita, ishirini, hata thelathini. Kwa wingi huo, mkasi utateleza mahali. Ukiteleza katikati ya mji, kimelea kinakufa na hatutakisikia tena. Ukiteleza kwenye pindo, kimelea kinaweza kuishi, na kama pindo lile lilikuwa mzigo tu kwa maisha ya wakati huo, kitawapita wenzake mbio.

Sasa mji na pindo. Katika mji wa kromosomu kuna jeni za kazi za kila siku: za kunakili DNA, za kujenga protini, za kuvunja sukari ili kupata nguvu. Ukisoma mpangilio wake kwa kimelea cha Muheza na kwa kimelea cha Kambodia, utakuta mji uleule, nyumba kwa nyumba. Kwenye pindo ndiko kuna fujo. Kuna marudiorudio marefu ya herufi, na kuna jeni zinazoitwa var, kama 60 hivi kwa kila kimelea, nyingi zikiwa huko ukingoni. Kila jeni ya var inatengeneza aina yake ya ile protini ya kunata, nayo hukaa nje ya chembe nyekundu mahali kingamwili zinapoiona. Kimelea huvaa moja tu kwa wakati. Mwili ukiikariri ile, wachache waliokwisha kubadili nguo ndio wanaosalia, homa inarudi.

Sitini zingeisha. Mtoto wa Tanga miaka ile kabla ya vyandarua vyenye dawa angezimaliza zote mapema na malaria ingekosa mlango. Haziishi kwa sababu pindo linashonwa upya kila mara. Ndani ya kiini cha kimelea, ncha za kromosomu mbalimbali hazielei ovyo. Hukusanyika pembezoni mwa kiini, kadhaa pamoja, kama pembe za kanga zilizofungwa fundo moja. Watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, na wenzao waliandika hilo mwaka 2000. Zikiwa zimefungwa hivyo, na kwa kuwa marudiorudio yake yanafanana, ncha ya kromosomu 3 inaweza kubadilishana kipande na ncha ya kromosomu 8, jambo ambalo kwenye mji wa kromosomu lingekuwa balaa. Hapo jeni mpya za var zinazaliwa. Ukiniuliza mimi, hii ndiyo siri kubwa ya mdudu huyu. Tunakiita kimelea sugu tukifikiria dawa, lakini usugu wake wa zamani zaidi ni huu wa kwenye ukingo, na kukatikakatika kwa ncha ni gharama inayokubali kuilipa ili kupata mavazi mapya.

Na upindo je? Mama alikuwa akisema kanga isiyopigwa upindo itakufumukia sokoni. DNA iliyokatika na kuachwa wazi hufumuka pia, seli hufa. Ncha ya kawaida ya kromosomu imefungwa kwa telomea, mshono wa herufi saba unaorudiwa tena na tena. Kimelea kina kimeng'enya cha kushona mshono huo, telomerasi. Inapotokea kromosomu imekatika na pindo limedondoka, telomerasi huweza kuja pale kwenye jeraha na kuanza kushona telomea mpya. Kanga imekuwa fupi, lakini ina upindo, inavalika. Watafiti wamesoma herufi za pale palipokatika na kukuta kweli: jeni inaanza vizuri, inafika katikati, halafu ghafla mshono. Fundi hakungoja hata neno liishe.

Mnaofanya kazi zahanati mmeshaanza kujiuliza hii inawahusu nini. Tunafika.

Kile kipimo cha haraka mnachotumia kila siku, tone la damu, tone la maji yake, dakika zile zilizoandikwa kwenye pakiti, mistari miwili au mmoja, kwa falciparum mara nyingi kinatafuta protini moja inayoitwa HRP2. Ilichaguliwa kwa haki. Kimelea huimwaga kwa wingi kwenye damu. Imejaa vipande vinavyojirudia, kwa hiyo kingamwili za kwenye kipimo zina mahali pengi pa kuishika, na kipimo kinanasa hata vimelea vichache. Ina kasoro yake ya kukaa kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona, ndiyo maana mgonjwa aliyemaliza dawa ya malaria ya mseto juzi bado anaweza kuonyesha mistari miwili. Hilo mnalijua, mmeshagombana nalo.

Lakini jeni ya HRP2 inakaa wapi? Kromosomu namba 8, kiasi cha herufi laki moja kutoka mwisho. Pindoni. Na ndugu yake, HRP3, anayefanana naye kiasi kwamba kipimo kinaweza kumnasa pia akiwa mwingi, anakaa kwenye kromosomu namba 13, naye karibu na mwisho.

Tumejenga kipimo cha bara zima juu ya jeni iliyo kwenye sehemu ya nguo inayochanika kuliko zote. Nasema "tumejenga" kwa sababu nami ni wa taaluma hii. Na si kwamba hatukuwa na dalili. Vimelea vya maabara visivyo na HRP2 vilikuwa vinajulikana tangu miaka ya 1980, wakati uleule kromosomu zilipokuwa zikionekana fupi na ndefu kwenye jeli. Tulisema hayo ni mambo ya chomboni, ya hotelini, kimelea cha porini hakiwezi. Kuna uvivu ndani ya maneno hayo, na naukumbuka kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwafundisha wanafunzi hivyo, kwa sauti ya kujiamini kabisa.

Mwaka 2010 ikachapishwa taarifa kutoka msitu wa Amazon, upande wa Peru. Sampuli 148 za falciparum, na asilimia 41 hazikuwa na jeni ya HRP2. Asilimia 70 hazikuwa na HRP3. Kama moja kati ya tano hazikuwa na yoyote kati ya hizo mbili. Hao ni vimelea vilivyokuwa vikizunguka kati ya mbu na watu, vikiumiza watu, bila HRP2.

Kisha ikaja karibu nasi. Eritrea, mwaka 2016. Wagonjwa wenye malaria kwenye hadubini, kipimo cha haraka kinasema hawana. Sampuli zilipochunguzwa, katika hospitali ya Ghindae wagonjwa 21 kati ya 26 walikuwa na vimelea visivyo na HRP2. Massawa, kwenye bahari, 10 kati ya 24. Serikali ikaviondoa vipimo vinavyotegemea HRP2 peke yake. Ethiopia nao wakapima watu zaidi ya 12,000 kwenye maeneo ya mipakani mwaka 2017 na 2018, na wakakadiria kuwa kipimo cha HRP2 kingewakosa karibu mgonjwa mmoja kati ya kila kumi wa falciparum kwa sababu ya jeni iliyokatika. Shirika la Afya Duniani limeweka mstari: wakikosekana asilimia 5 kwa sababu hiyo, nchi ibadili kipimo.

Tazameni kipimo kilivyogeuka kuwa mkasi. Mgonjwa mwenye kimelea chenye HRP2 anapimwa, anapewa mseto, vimelea vyake vinakufa. Mgonjwa mwenye kimelea kisicho nayo anapimwa, anaambiwa hana malaria, anarudi nyumbani na vimelea vyake, mbu wanakuja usiku. Kwa maana hiyo sisi tunaopima tumekuwa tukichagua mbegu ya msimu ujao. Ila Peru hainiachi niseme kipimo ndicho kisa chote, maana huko vipimo vya aina hiyo havikuwa vimetumika kwa kiasi cha kuleta hali ile. Ncha zilikuwa zinakatika zenyewe, na ukoo fulani ulibahatika kuenea mahali penye vimelea vichache.

Kuna kipande kimoja cha hadithi ya HRP3 ambacho nakipenda mno, mnivumilie. Kwa muda tulidhani kromosomu 13 inakatika tu na kupigwa upindo. Waliosoma herufi kwa mashine mpya zinazosoma vipande virefu wamekuta mara nyingi si hivyo. Kromosomu 11 na 13 zina eneo la herufi zipatazo 15,000 linalofanana karibu neno kwa neno. Kwenye kukutana kwao, 13 inakata pindo lake, pamoja na HRP3, na kushonewa nakala ya pindo la 11. Kwa hiyo kimelea kina pindo la 11 mara mbili, na la 13 halina tena. Ukimwonyesha mama yangu kanga ya namna hiyo angekwambia imeshonwa na fundi wa kiraka. Nayo inavaliwa vizuri tu.

Mji nao si jiwe, lazima niseme hivyo nisije nikawapotosha. Huko hakuchaniki, lakini kuna kukunja na kurudufu. Kwenye kromosomu 5 kuna jeni inayoitwa mdr1, ya pampu inayokaa kwenye utando wa mfuko wa chakula wa kimelea. Kusini mashariki mwa Asia, ambako dawa ya meflokwini ilitumika sana, vimelea vikawa na nakala mbili, tatu, nne za jeni hiyo, na dawa ikashindwa. Kambodia, jeni za plasmepsini, vimeng'enya vya kuvunjavunja protini, kwenye kromosomu 14 zikarudufiwa, na dawa ya piperakwini ikaanza kushindwa. Ni mabadiliko ya kromosomu vilevile, lakini ni mada ya siku nyingine na ya mtu mwingine.

Sasa hapa kwetu. Uchunguzi uliofanywa mikoa mbalimbali ya Tanzania Bara umekuta vimelea visivyo na HRP2 ni nadra sana, mbali chini ya ule mstari wa asilimia 5. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu najua kitakachotokea kesho kwenye zahanati. Mgonjwa ana homa, kipimo kimesema hana, na mhudumu aliyekuwa hapa leo atamwambia, "Aa, huyu atakuwa na kile kimelea cha pindo," na kumwandikia mseto. Naomba asifanye hivyo. Homa si malaria peke yake. Mtoto yule anaweza kuwa na nimonia, na mseto hautamsaidia chochote. Na kipimo kikikosea kweli, sababu za karibu ni nyingine: kilikaa juu ya kabati chini ya bati mwezi mzima, damu ilikuwa kidogo, kimesomwa kabla ya muda wake au saa mbili baadaye. Nimeona zahanati moja, sitaitaja, wanaweka maboksi ya vipimo dirishani ili yasiliwe na panya. Panya hawakuyala. Jua liliyala.

Wingi wa malaria wenyewe umetukinga kwa namna ya ajabu. Mahali ambapo mtu anaumwa na mbu wengi, damu yake hubeba koo mbili, tatu, tano za falciparum kwa pamoja. Mmoja akiwa hana HRP2, mwenzake anayo, anaimwaga, kipimo kinaonyesha mistari miwili, mgonjwa anapewa dawa na wote wanakufa. Malaria ikipungua, na tunataka ipungue, na imepungua sana sehemu nyingi za mkoa huu ukilinganisha na nilipokuwa mtoto, mtu anaugua ukoo mmoja tu. Ukoo huo ukiwa hauna pindo, hakuna wa kuutoboa. Kwa hiyo wilaya zenu zenye wagonjwa wachache ndizo ninazotaka mziangalie zaidi.

Vipo vipimo vinavyotafuta protini nyingine, pLDH, kimeng'enya kinachotumika kuvunja sukari. Jeni yake nayo iko kwenye kromosomu 13, lakini iko ndani, mjini, na kimelea hakiwezi kuishi bila hiyo. Kasoro yake ni kwamba vimelea vikiwa vichache kipimo hicho kinaelekea kuvikosa kuliko cha HRP2, kwa hiyo kubadili si suala la kutupa kimoja na kushika kingine.

Aliyeniuliza wakati wa chai, yule mwanafunzi wa mwaka wa pili: tunajuaje kwamba jeni haipo, na si kwamba sisi tumeshindwa kuiona? Nilimwambia asubiri, nalo ndilo la mwisho.

Mgonjwa ambaye hadubini inasema ana malaria na kipimo cha haraka kinasema hana, tunachukua tone la damu yake kwenye karatasi ya chujio. Inaanikwa hadi ikauke kabisa, inawekwa kwenye mfuko na punje za kunyonya unyevu, inasafirishwa. Maabara, mtu mwenye haraka atatafuta HRP2 moja kwa moja, akikosa ataandika "imekatika". Huyo ametudanganya wote, kwa sababu pengine damu ilikuwa kidogo, au karatasi ilipata ukungu njiani na DNA ikaoza. Kwa hiyo tunaanza mjini. Tunatafuta kwanza jeni mbili ambazo kila falciparum lazima awe nazo, na nakala yake ni moja tu, kama msp1 na msp2. Zisipoonekana, sampuli hiyo haina la kutuambia, tunaiweka pembeni. Zikionekana zote mbili, wazi, basi tunajua kanga ipo mezani na taa inawaka. Hapo ndipo tunaanza kulipapasa pindo.